Neno Moja kwa Kundi la Ukoo

…na sasa wamehamia kwenye kidevu, jana yalikuwa masikio, leo kidevu, binti wa Shukuru aliyeko Dar kaizungushia picha duara jekundu, kaandika jamani kidevu cha babu hiki hapa, halafu kaweka na cha kwake pembeni, na chini yake vidole gumba vinapangana, ishirini na tatu, ishirini na nne, watu arobaini na saba kwenye kundi la Ukoo wa Babu Ponsiano na kila mmoja leo ni mtaalamu wa videvu, wakati mimi peke yangu ndiye niliyemlisha baba kwa kijiko miezi yake miwili ya mwisho, nikamfuta uji kidevuni asubuhi na jioni, na hiki si chenyewe, hiki ni kidevu cha mtu mwingine kabisa, mtu aliyesimama studio ya Korogwe mwaka hamsini na mbili akashikishwa baiskeli isiyo yake… tulia mama, anasema Naishorua, msusi wangu, ananirudisha kichwa nyuma kwa kiganja, upande wa kushoto umekwisha sukwa, wa kulia umechanuliwa umesimama wima, siwezi kuinuka, siwezi kugeuka, ninachoweza ni macho chini na kidole gumba kimoja, na kwenye simu Shukuru ameandika tena, mdogo wangu, bwana mkubwa wa kundi, yeye ndiye anayeingiza watu na kuwatoa, Dada Yuditha wewe ndiwe mkubwa wetu, umeiona picha, sema neno ndiye, tumalize ubishi, wageni wameshapita Dodoma. Neno lenyewe nimeshaliandika. Ndiye. Lipo kwenye kisanduku, herufi tano, bado kulituma tu, na huko kwa wenzangu inaonekana Yuditha anaandika, Yuditha anaandika, watadhani natunga historia nzima ya ukoo, kumbe nimeganda kwenye neno moja tangu msuko wa nne. Na Shukuru anajua nimeona, anabonyeza tu anaonyeshwa majina ya waliosoma, hizi tiki za bluu nani aliyetuletea, zamani barua ikifika mtu unakaa nayo mwezi ukasingizia posta, siku hizi ukifungua tu umeshashikwa mkono.

Nimemwambia Naishorua anisuke twende kilioni, yeye akacheka, mama wewe unapokea wageni halafu unataka twende kilioni, nikuwekee rasta za kushuka basi, nikasema hiyo hiyo, na sasa anauliza hao wageni ni wa harusi, nasema ni ndugu, wa wapi, wa Kasulu, mbali, anasema, na anaendelea kueleza habari za mteja mmoja aliyesukwa nusu akapigiwa simu akaondoka hivyo hivyo na kilemba, sisikii vizuri, nasikia tu vidole vyake… Yote kayaanzisha Shukuru na picha zake. Mwezi wa Machi alikwenda Kwamsisi, akapiga picha kaburi la baba, akaibandika Facebook kwa mbwembwe, hapa amepumzika mzee wetu Ponsiano, manamba namba 614, kutoka Kasulu mpaka Ngombezi, anayewajua ndugu zake atujulishe. Manamba! Neno ambalo baba akilisikia alikuwa anatema mate, watu waliobebwa kwa treni kuja kukata mkonge, wakaitwa kwa namba kama mifuko, leo Shukuru kaligeuza fahari ya ukoo. Wiki ya tatu akajitokeza Ernesti, mwalimu, Kasulu huko huko, akasema huyo ni babu yangu mzaa baba, aliondoka mwaka hamsini na moja akamwacha bibi ana mimba, na bibi yu hai, anaitwa Evodia, amepita themanini, na ushahidi ni huu, ndiyo hii picha, na nyuma yake kwa penseli, Ponsiano, Ngombezi, 614. Na mimi mjinga, mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nilikuwa nimeshawatumia picha ya kipande cha baba, ile kadi yake ya kazi iliyokuwa kwenye sanduku la bati, 614, inasomeka vizuri kabisa, nilitaka tu na mimi nionekane nimechangia kitu. Namba na namba zikakutana. Kundi zima likalia, Shukuru akatuma sauti analia kwa kwikwi, mtu mzima na kitambi chake, na mimi nikatuma mikono miwili ya sala nikaenda kukaa chooni peke yangu.

Namba haifi. Hivyo ndivyo alivyonieleza baba mwaka elfu mbili na tano, hospitalini, akiwa amebaki mifupa, mama yetu Grasiana ameshatangulia, Shukuru yuko Dar, nipo mimi na bakuli la uji. Akaanza kama anasimulia habari za jirani. Kulikuwa na kijana mfugaji wa Kimasai, anaitwa Lenku, wa nyika za Handeni huku, alipitiwa na usingizi machungani akapoteza ng'ombe kumi na mmoja wa baba yake, akaogopa kurudi nyumbani, akatembea siku mbili mpaka Ngombezi, kwenye kambi za wakata mkonge, akapokewa na Muha mmoja wa Kasulu, Ponsiano, akampa nusu ya kitanda na nusu ya ugali. Mwaka ulipogeuka yule Muha akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Wakamzika alfajiri pembeni ya shamba, na mnyapara, ambaye hakutaka kukosa mkataji, akamtupia yule kijana kipande cha marehemu akamwambia shika, mtu kafa, namba haifi. Kesho yake asubuhi ilipoitwa 614, Lenku akaitika. Nikamwuliza baba, sasa huyo Lenku mwisho wake alikwenda wapi.

"Unamlisha uji," akasema.

Kijiko nilikishika hewani mpaka uji ukaganda. Na vitu vyote vikaanza kujipanga vyenyewe, masikio kwanza, ndewe zake zilizokatwa na kushonwa mbili zote, alituambia ni mashine ya kusindika katani iliyomrukia, na sisi watoto wala hatukujiuliza mashine gani inakata sikio la kulia ikazunguka ikakata na la kushoto kwa kipimo kile kile, jana Shukuru kaandika kwa kujiamini kabisa, kwenye picha masikio mazima kwa sababu alikuwa bado hajaumia, na watu wakampa vidole gumba, mficha uchi hazai, lakini asiyetaka kuona naye humwezi. Halafu samaki. Muha gani asiyekula samaki, watani wake pale kambini walimcheka mpaka wakachoka, mama akasema ni tumbo, mwenzenu ana tumbo baya, akampikia maharage miaka arobaini na mbili. Na ule umri wa kwenye karatasi, miaka tisa zaidi ya mwili wake, akastaafishwa angali na nguvu za kung'oa kisiki, enzi hizo mashamba yanauzwa watu wanapunguzwa, akapewa mkono wa kwaheri akaenda kulima Kwamsisi, na kila Mei Mosi anasema mimi mzee wenu wa kwenye makaratasi, tunacheka, tulidhani ni utani. Na ile safari yetu ya kila mwaka, siku ya kuwaombea marehemu, ananichukua mimi tu, tunapanda gari mpaka Korogwe, tunashuka Ngombezi, tunakwenda kwenye rundo la mawe pembeni ya mkonge, halina jina, halina msalaba, anafyeka, anafagia, anasema huyu alinipa nusu ya kitanda. Nilikuwa nadhani ni msemo.

Miaka kumi na moja nimelikalia. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndiyo mimi, kata, na sasa mtungi wote unataka kumwagwa Jumamosi mbele ya maturubai… mama, mkono, nipe hicho kitana, anasema Naishorua, nampa… kwa sababu nikisema ndiye, Jumamosi wanakwenda Kwamsisi, Shukuru ameshakodi viti, padri ameshaambiwa, bibi wa watu atashikwa mkono mpaka kwenye kaburi la saruji lililoandikwa Ponsiano 1926 hadi 2005, atapiga magoti juu ya Mmasai aliyezaliwa thelathini na tano, atachota udongo wake, ataufunga kwenye kanga, atabeba siku mbili ndani ya basi akauzike kwao Kasulu, na mumewe wa kweli atabaki Ngombezi chini ya mawe, mvua juu yake, jua juu yake. Unaweza kumfanyia hivyo mwanamke mwenzako? Na nikisema siye, baba anakuwa mwizi, aliyevua jina la maiti akalivaa kabla maiti hajapoa, na Shukuru Ponsiano anakuwa Shukuru wa nani, na mimi Yuditha Ponsiano wa nani, vyeti vya shule, vya ubatizo, vya ndoa, wajukuu watatu walioitwa Ponsiano, wadogo, hata hawajaota meno yote, na mama yangu aliyezikwa akijua ameolewa na Muha. Arobaini na saba wote wanapoteza babu ndani ya dakika moja, kwa kidole changu. Nakaa kimya basi. Lakini kukaa kimya nako wameniziba, Yuditha anaandika, inawaambia, kila nikigusa inawaambia. Ningekuwa na miguu ningekwenda hata nje kusimama, lakini nywele zangu zimo mikononi mwa mtu.

Na bado ile sauti. Ilikuja juzi jioni kwenye simu yangu peke yangu, si kwenye kundi, kutoka kwa Ernesti, dakika mbili na nukta, na maneno chini yake, shangazi, bibi anasema hii ni yako wewe tu, mimi mwenyewe alinitoa nje nisisikie. Sikuifungua. Bibi kizee atanibariki, nikajiwazia, atanishukuru kumtunza mumewe, na hizo baraka nitaziweka wapi. Nimeipita mara kumi leo kama mtu anayepita mlango wa anayemdai… Shukuru tena, Dada, simu yako ina matatizo? Si afadhali nisikilize kitu kingine chochote, hata hicho, kuliko kutazama hiki kidevu. Nasogeza simu sikioni, sikio la kushoto, upande uliokwisha, Naishorua ananihama kidogo bila kuuacha msuko, nabonyeza. Kwanza kuku, halafu mtu anakohoa, halafu sauti nyembamba, haina haraka, Kiswahili cha mtu aliyejifunza ukubwani.

"Yuditha, mwanangu, hujambo. Mimi ni Evodia. Mwaka ule wa hamsini na tatu nililetewa barua kutoka Ngombezi, katekista akanisomea. Ilianza, mke wangu Evodia, shikamoo."

Halafu kuku tu, nikadhani imekatika.

"Mume hamwamkii mke wake shikamoo. Ponsiano alinizidi miaka sita. Nikajua palepale mume wangu amekufa, na anayemwambia karani aandike ni mtoto wa watu, amefundwa kwao, ameona anamwandikia mtu mzima, ulimi ukamtangulia. Nikamwambia katekista endelea. Aliniuliza hali ya mtoto. Akaniletea kanga. Barua tatu alileta, zote shikamoo."

Anapumua. Mimi naikandamiza simu sikioni.

"Ningelia siku ile, ningerithiwa na shemeji yangu kabla mtoto hajaacha ziwa, na shemeji mwenyewe namjua. Sikulia. Nikasema mume wangu mzima, si huyo ameandika. Basi jina la Ponsiano tulilila wawili, baba yako huko, mimi huku. Sina neno naye. Hiyo picha watakusumbua bure. Mimi nikifika, kaburi la mwandishi wa barua nitalisalimu baadaye. Kwanza nipeleke alipolala Ponsiano, kama unapajua. Basi."

Basi, anasema, na imekwisha, simu imekuwa kimya sikioni na bado nimeikandamiza pale, nimekuumiza mama, anauliza Naishorua, nasema hapana, unalia, ni upande ule tu, umekaza kidogo, pole, anasema, analegeza, na mimi ninachotaka ni kucheka, nacheka ndani kwa ndani mpaka bega linatikisika, shikamoo, baba yangu, mwizi wangu wa majina, ulivaa kipande cha mtu, kitanda chake, dini yake, ukakubali kuzeeka miaka tisa kwa siku moja, na kitu kimoja tu ulishindwa kukivua, adabu ya kwenu, ulipokaa mbele ya karani umri wa miaka kumi na minane unamwandikia mke wa mtu, ukamwamkia. Na yeye akajua. Miaka sitini na tatu anajua, mwanamke aliye mwisho wa reli, na mama yangu aliyelala ubavuni mwako hakujua, nina wivu, nasema kweli, nina wivu kwa niaba ya mama. Na uzito umenitoka, naona unatoka, kwa hiyo hukuiba, au uliiba na mwenye mali akanyamaza kwa sababu na yeye alihitaji, kwa hiyo nilikuwa nabeba nini mimi miaka kumi na moja… lakini ngoja. Ngoja kwanza. Barua tatu. Kanga. Hali ya mtoto. Aliweza kumwandikia mke wa marehemu asiyemjua, asilale na njaa, asilie, kutoka Ngombezi mpaka Kasulu, treni siku mbili tatu, akaweza. Na mama yake yeye? Mama yake Lenku, aliyekuwa hapa hapa, siku mbili kwa mguu, mwanawe ametoka na ng'ombe asubuhi hakurudi, huyo nani alimwandikia?

Na hapo unanijia ule mnada, sijui umetoka wapi, sikuukumbuka miaka yote hii, themanini na tisa, Handeni hapa, nimekuja na baba kununua jembe, yeye anapenda kusimama mbali kwenye uzio akitazama ng'ombe wa watu, anawasikiliza kuliko kuwatazama, na kuna bibi kizee wa Kimasai amekaa chini na kibuyu cha maziwa, amekonda, macho yana ukungu, akamshika baba upindo wa suruali alipopita. Akamwambia maneno, mengi, kwa lugha yake, taratibu, anauliza kitu. Na baba akasimama pale, nilimwona akifungua mdomo akaufunga, halafu akasema kwa Kiswahili, sielewi lugha yako, mama. Akautoa mkono wa yule bibi kwenye suruali, kidole kimoja kimoja, polepole. Jembe hatukununua. Nyumbani hakula siku ile wala kesho yake, mama akasema tumbo. Sijui kama alikuwa ni mama yake, huenda alikuwa mama wa mtu mwingine tu, maziwa anauza kila mtu, lakini alielewa, baba alielewa kila neno, na hakujibu. Hilo ndilo lilikuwa linamla. Si kipande, kipande kambini wameazima wengi, mnyapara kasema, mwenye mume kasamehe. Mimi nimekaa nalinda jina la Muha kama askari wa zamu, naficha aibu, na aibu yenyewe hata haikuwa ile, ilikuwa nyuma yangu, nimeipa mgongo, imekaa chini na kibuyu inangoja.

Dada, anaandika Shukuru, watu wanaanza kuuliza, ndiye au siye? Na vidole gumba, na mtu kaweka mdomo wa kicheko, na Dorkasi, mke wake, kaongeza swali juu ya idadi ya sahani. Kisanduku bado kina herufi tano. Nafuta moja, e, nafuta y, nafuta i, simu inawaambia anaandika, waache wajue naandika, nafuta d, nafuta N. Peupe. Sijui nitaweka nini pale, sijui Shukuru nitamwambia kwa mdomo au kwa maandishi, sijui hao watoto watatu wa jina hilo tutawaeleza nini wakikua, atanichukia, najua, atasema nimeua baba mara ya pili, na huenda ni kweli. Lakini bibi akishuka Korogwe nitampokea mimi, kabla ya maturubai, kabla ya padri, nitampandisha gari la Ngombezi tukakae naye kwenye mawe, na tukitoka hapo nitamwomba anifundishe jinsi ya kumlilia mtu umechelewa. Mwingine nitamtafuta, huyo wa kibuyu, hata kama amebaki jina tu, hata kama kwao jina la marehemu halitajwi tena. Bado mistari sita, anasema Naishorua, inamisha kichwa mama, chini, chini zaidi, hapo hapo, na mimi nainamisha, nimebanwa magotini kwake kama nilivyokuwa, simu mapajani inawaka na kuzima na kuwaka, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nataka lile basi lifike.